Twendeni Ngomeni Wakati wa Kusi

Tembea uone, walinena wahenga. Hawakusema utembee jua likiwaka tu. Kauli hiyo imekuwa ikinisumbua tangu mwezi Mei, chama chetu kilipoahirisha ziara ya wikendi ya Mombasa hadi Desemba. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: mvua. Mimi, mzaliwa wa Mbaraki, nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono kuunga uamuzi huo. Leo ninaandika kuupinga mkono wangu mwenyewe.

Aghalabu ziara zetu hufanyika majira ya kaskazi. Tunafika Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi tunapiga picha kando ya mizinga ya Fort Jesus, mahali ambapo sisi wenyeji twapaita Ngomeni, alasiri tunaogelea, Jumapili tunarejea. Je, tumejifunza nini ambacho hakimo vitabuni? Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ambaye hajaizuru Ngome wakati wa kusi ameisoma nusu tu ya kisa chake.

Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, wakaitwaa Desemba 1698. Katika muda wote huo, waliokuwa ndani walitazamia msaada kutoka Goa, nao msaada haukuja kwa hiari ya nahodha bali kwa idhini ya upepo. Kaskazi ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kusi ndiyo iliyovirejesha, na ilipovuma kwa nguvu bahari ilifungwa. Njaa na maradhi viliwamaliza watu wakingoja. Merikebu za msaada wa mwisho ziliwasili siku chache baada ya Ngome kuanguka. Mwanafunzi anayesimama ukutani Desemba huiona bahari iliyoleta msaada. Ile iliyouzuia haioni.

Fauka ya hayo, kuna suala la lugha. Darasani tunapokutana na kusi, demani, malelezi au tanga mbili, hukimbilia kamusi na kuandika pambizoni: majira ya upepo. Jibu hilo huenda likatupa alama za mtihani, lakini halitupi maana. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa enzi ya Mazrui, aliwatungia watu waliojua kwamba mwenye chombo hulazimika kungoja, na kwamba demani huleta faraja kwa sababu kusi imetangulia kuwatesa. Nani atamfahamu vyema malenga huyo iwapo bahari anayoijua ni ile ya kuogelea?

Wiki mbili baada ya kura yetu, mimi na mwenzangu mmoja tulisafiri wenyewe. Tulipotoka Ngomeni kuingia Mji wa Kale, mvua ya mwaka ilitukamata. Mzee mmoja akatuita barazani kwake. "Shikamoo babu," tukamwamkia. "Marahaba wanangu, keteni." Mwenzangu, mzaliwa wa bara, alikuwa akikitazama kibao cha barabara kilichoandikwa Ndia Kuu, akauliza iwapo kimekosewa. Mzee akacheka. "Hapa Mvita, mwanangu, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo." Mvua haikukoma kwa saa nzima, naye hakukoma kutueleza pepo, matanga na miezi ya safari. Ninakiri kwamba jua lingekuwa linawaka, tungempita mzee yule kama nilivyompita mara nyingi tangu utotoni.

Watakuwapo watakaosema kwamba masika yana matope na usumbufu. Ni kweli, na hakuna anayewashauri wanafunzi wapande mashua bahari ikiwa imechafuka. Hata hivyo, Ngomeni mna makumbusho yenye paa, na miezi hiyo, wageni wakiwa wachache, malazi aghalabu hupungua bei.

Isitoshe, ziara isiishie Ngomeni. Upande wa pili wa kisiwa, kwetu Mbaraki, kuna mnara wa kale wa matumbawe ulio wazi ndani, kando ya msikiti, unaonasibishwa na Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa. Wenye nadhiri wamekuwa wakiacha humo chupa za marashi. Ngome ilijengwa na wageni; mnara huu ni wa wenyeji, nasi twaupita kila mwaka tukikimbilia ufuoni.

Jambo hili halisubiri. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetunga Sambo ya Kiwandeo (1979) na kuhifadhi humo istilahi za jahazi, alifariki mwaka 2017. Wazee waliosafiri kwa tanga wanazidi kupungua, na kila mmoja anaondoka na msamiati ambao kamusi zetu zimeugusa juujuu tu.

Ninapendekeza, basi, chama kitenge wikendi moja ya Mei au Juni kila mwaka kwa ziara hii, na kila mshiriki arejee na maneno kumi aliyoelezwa na mwenyeji, yachapishwe katika jarida hili. Mwakani kura hiyo ikipigwa, mkono wangu utakuwa wa kwanza kuinuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwetu Mvita twasema, mgeni ndoo, hata kama kunanyesha.