Kabla hujakata tiketi, uliza nani anakungoja

Kundi letu la WhatsApp la mabinamu, wawili Riyadh na watatu Jeddah, lina wiki mbili sasa halilali. Tumepata likizo ya siku 10, tunakwenda Kenya, na kila mtu ana orodha yake. Mmoja anataka Maasai Mara. Mwengine Diani. Mwengine anasema tukishafika Mombasa, Zanzibar ni hapo tu, tupitie. Nilipojumlisha nikapata vituo 6. Siku 10, vituo 6, watoto 4.

Mimi nimepiga kura ya Lamu peke yake, nikaambiwa nimezeeka. Haya, wacha nijitetee.

Kazini hapa Riyadh nina mwenzangu anayejipangia Costa Rica: volkano ya Arenal, msitu wa Monteverde, kisha ufuo wa Pasifiki, siku 3 kila mahali. Mpango mzuri, sina neno. Kule hana mtu. Akipita mbio hakuna atakayevunjika moyo. Sisi tunakokwenda tuna watu.

Mwaka 2019 nilifanya safari kama hiyo huko kwetu. Nairobi, Mara, Watamu, Mombasa, siku 8. Kwenye hoteli ya Watamu nilisalimiwa kwa Kiitaliano, nikajibu kwa Kiingereza, na Kiswahili changu kikabaki mfukoni pamoja na pasi ya Kenya. Mombasa tuliitengea alasiri moja. Shangazi yangu alikuwa jikoni tangu alfajiri: biriani, samaki wa kupaka, kaimati. Tulikaa saa moja na nusu, macho kwenye saa, maana gari la uwanja wa ndege lilikuwa nje linangoja. Akatufungia chakula tukaondoka. Mwaka uliofuata akafariki, na ndege zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya korona. Picha za simba ninazo mia mbili. Yake ninayo moja, tena haionekani vizuri.

Na kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Tumezaliwa Jeddah lakini tunaishi kwa iqama. Kazi ikikatika, iqama nayo inakatika, na mtu hana budi kurudi "kwao". Kwao wapi? Mahali alipolala usiku mbili, akazungumza na mhudumu wa hoteli tu? Siku hiyo ikija, nataka niwe najua mlango wa kugonga.

Kwa nini Lamu? Kwanza, bibi yetu ni wa huko. Alikuwa akituita "ndoo" badala ya "njoo", akitaka kunywa anasema "mai", nasi tukimcheka, tukidhani Kiswahili kimempiga chenga. Kumbe ni Kiamu, lahaja iliyotungiwa tenzi muda mrefu kabla ya Kiswahili sanifu kuanza kupangwa mwaka 1930. Nataka wanangu waisikie sokoni, si kwa mzazi anayeigiza.

Pili, watoto wetu watapaelewa. Al-Balad ya Jeddah iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na kote nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Halafu kuna Msikiti wa Riyadha, jina lenye asili moja na Riyadh: bustani. Mtoto wa Riyadh akisikia hilo, atauliza maswali mwenyewe.

Binamu yangu anasema watoto watachoka. Wallahi sidhani. Ndege inatua Manda, unavuka kwa mashua, unaingia mji ambao vichochoro vyake havipiti gari, vinapita punda. Ufuo wa Shela uko karibu. Mwengine anauliza usalama, na ana haki: upande wa bara wa kaunti ya Lamu, hasa kuelekea msitu wa Boni, umeshambuliwa mara kadhaa. Basi tupande ndege badala ya basi, tusome tangazo la usafiri, tuwaulize wenyeji.

Na ukisema umechoka na kazi, unataka kulala ufukweni tu, sikulaumu. Lala. Ila lala mahali ambapo jioni unaweza kwenda kwa miguu kwa mtu wenu. Kama kwenu ni Pemba, nenda Pemba. Kama ni Tanga au Pangani, usiishie Nungwi.

Kabla ya kuulizana bei ya hoteli, tuulizane: huko nani atatusemesha Kiswahili, na nani atafurahi tukikaa siku ya tatu?

Mpaka leo kura ni 3 kwa 2, Lamu inaongoza. Wa Mara bado amenuna. Nimemwambia tutakwenda mwakani, simba hawahami. Ami yetu wa Lamu ana miaka 81, na ameshauliza tunafika lini.

Nyinyi je, mnakwenda wapi, na kwa nani?