Kolwezi: Picha ya nyumba ni ushahidi, lakini tuiweke wapi?

KOLWEZI – Katika mji huu uliosimama juu ya shaba na kobalti, picha ya nyumba si ukumbusho wa familia tu. Siku kampuni ya madini inapohitaji kiwanja, picha ndiyo inayoonyesha parseli ilikuwa na vyumba vingapi, kisima kilikuwa wapi na miembe ilikuwa mingapi kabla mashine hazijapita. Shida ni kwamba mara nyingi picha hizo zimo ndani ya simu moja. Simu ikiibiwa, ushahidi umekwenda nayo.

Jambo hili si la kuwaza tu. Huko Kasulo, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya CDM, na familia zikahamishwa. Katika Cité Gécamines, mgodi wa COMMUS ulianza tena kazi mwaka 2015 na kusogelea makaazi. Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa, na ndani yake wakaaji walilalamika kwamba fidia haikutosha kupata nyumba inayolingana na ile waliyoacha.

Cha bure kina mwisho

Kuweka picha kwenye intaneti ndiyo njia rahisi ya kuziokoa. Lakini ni huduma gani ya kuamini? Historia inafundisha. Mwaka 2017 Photobucket iliwafungia watu picha walizokuwa wakizionyesha bure kwenye kurasa nyingine, ikadai karibu dola 400 kwa mwaka. Flickr, iliyokuwa ikitoa terabaiti nzima bure tangu 2013, ilirudi kwenye picha 1,000 mwaka 2019. Google Photos nayo ilikomesha nafasi isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Leo inatoa gigabaiti 15, na barua pepe zinahesabiwa humo humo.

Kwa picha za megabaiti 3, gigabaiti 15 zinabeba karibu 5,000. Kwa parseli moja ni nyingi mno. Hatari kubwa ni akaunti yenyewe. Wengi hufunguliwa akaunti na muuza simu, na neno la siri hawalijui. Simu ikipotea, hawawezi tena kuingia. Tena, tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili. Na ukiacha namba ya simu bila kuitumia, inaweza kufungwa, na namba hiyo ndiyo inayopokea kodi ya kurudisha akaunti.

Kuchapisha ni hapa hapa

Huduma za ng'ambo zinazochapisha picha na kuzituma nyumbani, kama Shutterfly ya Marekani, zimejengwa kwa watu wenye kadi ya benki na posta inayofika mlangoni. Hapa tunalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na parseli nyingi hazina anwani ya posta. Kwa hiyo akili ni kugawanya kazi: kuhifadhi kwenye intaneti, kuchapisha katika studio ya mjini.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji nukta karibu 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. WhatsApp hupunguza picha na kuondoa habari za tarehe na mahali zilizofichwa ndani yake. Anayempelekea mwenye studio picha aitume kama dokima, si kama picha ya kawaida. Ushahidi bila tarehe ni rahisi kuukataa.

Karatasi isidharauliwe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Aliyekuwa na picha kwenye intaneti peke yake hakuwa na kitu mkononi.

Mzigo ni wa nani?

Mwenye parseli leo anaweza kufanya mambo matatu bila gharama kubwa: akaunti ambayo neno lake la siri analijua mwenyewe, nakala ya pili kwa ndugu anayekaa mji mwingine, na picha chache zilizochapishwa, zikiwa na tarehe na sahihi ya shefu wa kartie nyuma.

Lakini si haki mwananchi abebe mzigo wote. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatambua haki ya fidia kwa wanaohamishwa. Fidia hutegemea hesabu ya mali, na hesabu hiyo hushikwa na upande wenye nguvu. Kama kila familia ingebaki na nakala ya hesabu hiyo pamoja na picha zake siku ile ile wapimaji wanapopita, mabishano mengi yangekwisha kabla ya kufika mahakamani. Mpaka hapo, picha iliyotunzwa vizuri ndiyo silaha ya mnyonge.