Mpenzi Aliyeng'oa Kipuri

Msichana wa miaka 18 anapanda pikapu yake kuukuu, anazungusha ufunguo, gari linagoma. Anataka kwenda kumjulia hali rafiki yake ambaye siku hizi hampigii simu. Anageuka pembeni na kushtuka: mpenzi wake amekaa kiti cha abiria, kimya, anageuzageuza kipuri kidogo mkononi. Amekitoa kwenye injini. Anamweleza kwa upole kwamba dada yake amemtonya kuhusu safari hiyo, kwamba gari litakuwa limeshatengenezwa kesho kabla ya muda wa shule, na kwamba kama amekasirika, basi afunge tu dirisha la chumba chake usiku huo, ataelewa. Msichana anaingia ndani kwa hasira na kulibamiza dirisha. Anasimama akikitazama kioo. Kisha anashusha pumzi na kulifungua, wazi kabisa.

Kisa hicho kimo katika Eclipse, kitabu cha tatu cha mfululizo wa Twilight, kilichotoka mwaka 2007. Msichana ni Bella Swan, mpenzi ni Edward Cullen, mnyonya damu, na mwandishi wao ni Mmarekani Stephenie Meyer. Vitabu vinne vya kwanza, vya kuanzia 2005 hadi 2008, vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100. Filamu tano zilizofuata ziliingiza zaidi ya dola bilioni 3. Kwa mamilioni ya wasichana waliokuwa na miaka 13 au 14 wakati huo, hili lilikuwa somo la kwanza refu kuhusu mapenzi. Ndiyo maana kipuri kile si jambo dogo.

Pwani ya Afrika Mashariki mnyonya damu anafahamika kwa jina la mumiani. Enzi za ukoloni watu walisimuliana habari za wanaume waliokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Nairobi walisingiziwa wazimamoto, na mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kilichochapishwa mwaka 2000. Mtoto aliyetajiwa mumiani alijua la kufanya: kukimbia. Hakuna aliyemwambia kwamba mumiani akimfuata nyumbani ni ishara kuwa anampenda.

Edward, tena, si mumiani wa aina hiyo. Hanywi damu ya binadamu. Yeye na jamaa zake huwinda wanyama porini, na kila akimkaribia Bella hupambana na kiu yake. Hapo ndipo hadithi inapomvuta msomaji upande usio wake. Anaambiwa achunge meno, na kila mara meno yanapozuiwa, mwanamume anahesabiwa kuwa mwema na mwenye kujinyima. Mikono haichungwi na mtu, na mikono ndiyo inayong'oa vipuri.

Ni mikono hiyo hiyo inayofungua dirisha la Bella usiku. Katika kitabu cha kwanza Edward huingia chumbani na kumtazama akiwa amelala, karibu kila usiku, kabla hata hawajawa wapenzi. Binti mwenyewe hajui. Anapoambiwa anajaribu kukasirika, lakini hasira haiji; anajisikia kupendwa. Edward anamfuata pia hadi mji wa Port Angeles bila kumwambia. Bahati yake, siku hiyo Bella anazingirwa na wahuni barabarani na Edward anamwokoa, basi kufuatwa kote kunasamehewa. Ndivyo mfululizo huu unavyojengwa: kila Bella anapobanwa, tukio linatokea la kuthibitisha kwamba ilikuwa lazima abanwe.

Baada ya kile kipuri, Edward anapokwenda kuwinda humwacha Bella chini ya ulinzi wa Alice, yule dada yake mtoa siri, na ujira wa Alice ni gari la Porsche la rangi ya njano. Haki isemwe: baadaye katika kitabu hicho hicho Edward analegeza kamba, anakiri alikosea na kumwachia Bella aende kwa rafiki yake. Lakini hata hapo ni yeye anayetoa ruhusa. Bella anaipokea kama zawadi.

Huyo rafiki, Jacob Black, ndiye anayetolewa kama chaguo jingine, kijana mchangamfu mwenye damu ya moto. Naye anambusu Bella kwa nguvu. Bella anamtandika ngumi ya taya na kuumia mkono wake mwenyewe. Baba mzazi, Charlie, ambaye ndiye mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Forks, anapoelezwa kilichotokea anampongeza Jacob. Mkuu wa polisi, na binti yake ameshika mkono ulioumia. Tukio linapita kama mzaha wa kifamilia, na wachumba wawili wanaendelea kushindania msichana.

Kuna mhusika mwingine ambaye wasomaji wengi huwa wameshamsahau, naye ndiye anayestahili kukumbukwa kuliko wote: Emily. Bella anamkuta nyumbani kwake akiwaandalia vijana chakula. Upande wa kulia wa uso wake una makovu matatu marefu, kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Mchumba wake, Sam, ni mtu anayegeuka mbwa mwitu akipandwa na hasira, na siku moja alipandwa na hasira Emily akiwa karibu mno. Bella ameonywa asimkodolee macho. Sam anaingia, anayabusu makovu yale, na Bella anaona wivu kwa jinsi wawili hao wanavyopendana. Emily mwenyewe hapewi nafasi ya kusema siku ile ilikuwaje. Na si bure kwamba kucha zilizoacha makovu hayo zimewekwa kwa vijana wa Quileute, taifa la wenyeji wa Amerika ambalo lipo kweli na linaishi La Push, wakati utulivu na utajiri vimewekwa kwa jamaa za Edward, ambao ni Wazungu.

Watetezi husema riwaya si mwongozo wa ndoa, na mapenzi ya hatari ni ya zamani katika fasihi. Ni kweli. Bella mwenyewe anapenda Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847, na kuna toleo lililouzwa Uingereza likiwa na maandishi kwamba ndicho kitabu wanachokipenda Bella na Edward. Lakini Brontë alimweka Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, asimulie. Nelly anamwona Heathcliff, mpenzi wa hatari wa hadithi hiyo, alivyo, anamkemea, na msomaji anaona madhara yakirithiwa na watoto. Katika Twilight msimulizi karibu muda wote ni Bella, na kila anayemtilia shaka Edward ana kasoro inayomwondolea ushahidi: Jacob anaona wivu, Charlie haelewi. Nelly hayupo.

Desemba 2015 England na Wales zilianza kutumia sheria inayofanya kuwa jinai kumdhibiti mwenzi kwa kurudia-rudia kiasi cha kumwathiri vibaya, hata kama hajapigwa kofi. Adhabu inafika kifungo cha miaka 5. Miongozo yake inataja kumtenga mtu na marafiki zake, kufuatilia nyendo zake na kumwamulia aende wapi. Wanaosaidia waathirika walikuwa wakiisikia orodha hiyo miaka mingi, kutoka kwa wanawake waliodhani wanapendwa sana. Mitaani kwetu msemo ni kwamba wivu ni dalili ya mapenzi, na wapo waliokaa nao hadi hospitali.

Waliocheka mfululizo huu mara nyingi waliwacheka wasichana wenyewe, na hilo lilikuwa kosa. Meyer aligusa kiu ya kweli: binti mkimya, mgeni shuleni, anatamani mtu mmoja amwone. Hakuna ujinga katika kutamani hivyo. Kosa ni kumjibu binti huyo kwamba kuonwa na kupelelezwa ni kitu kimoja. Mwaka 2015 Meyer, akijibu waliosema Bella ni dhaifu, alitoa Life and Death, hadithi ile ile ikiwa na mnyonya damu wa kike na mvulana wa kawaida. Jinsia ilibadilika, mwenye nguvu na siri alibaki kumwamulia asiye nazo.

Kisha Agosti 2020 ikatoka Midnight Sun, safari hii Edward akisimulia mwenyewe. Meyer alikuwa na miaka 15 ya kusikiliza malalamiko, na kijana wake anajilaumu ukurasa baada ya ukurasa. Anafika dirishani kwa Bella usiku wa kwanza, analisukuma, fremu inalia kwa kutofunguliwa muda mrefu. Anawaza kuja na mafuta ya kulainishia safari ijayo. Anajichukia kwa kuwaza safari ijayo. Anaingia.