Saratani ya ini: Ufunge mlango kabla mwizi hajaingia

Msomaji, kila seli ya mwili wako imezungukwa na ukuta mwembamba, na juu ya ukuta huo kuna protini nyingi. Baadhi ni milango ya kuingizia chakula. Nyingine hupokea taarifa kutoka nje. Nyingine ni kama kitambulisho kinachowaambia askari wa kinga ya mwili kwamba huyu ni mwenzetu, apite. Leo tuzungumzie protini hizi kwenye ini, maana zinaeleza kwa nini saratani ya ini ni kali, na pia wapi tunaweza kuizuia.

Mwaka 2022 saratani hii iliua zaidi ya watu 750,000 duniani. Katika nchi zetu za Afrika, moja ya sababu zake kubwa ni virusi vya homa ya ini B.

Juu ya seli za ini kuna protini iitwayo NTCP. Kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Mwaka 2012 watafiti nchini China walionyesha kuwa virusi vya homa ya ini B hupitia mlango huo huo. Virusi navyo vina protini juu ya ganda lao, na protini hizo hushika kwenye NTCP kama ufunguo kwenye kitasa. Vikishaingia, vinaweza kukaa miaka 20, 30 au zaidi bila mwenyewe kuhisi chochote. Ini huumia na kujitibu, huumia tena na kujitibu tena, mpaka linajaa makovu. Katika vurugu hiyo, seli moja inaweza kugeuka na kuanza kukua ovyo. Wakati mwingine saratani huja hata kabla ya makovu.

Seli ikishageuka, hubadilisha na protini zake za juu. Mfano ni glipikani-3. Mtoto akiwa tumboni, ini lake huwa nayo. Ini la mtu mzima mwenye afya huwa halina. Kwenye saratani nyingi za ini protini hii hurudi, na husaidia seli kupokea amri ya kukua na kugawanyika. Tafiti zimeonyesha kuwa uvimbe wenye glipikani-3 nyingi mara nyingi huwa mkali zaidi, na matarajio ya mgonjwa huwa madogo.

Mfano wa pili ni PD-L1. Hii ni breki ya kawaida ya mwili, inayowazuia askari wetu wasiwashambulie wenzao. Seli ya saratani huiweka juu ya ukuta wake, na chembe nyeupe ya damu inapoigusa, hutulia badala ya kushambulia. Ugunduzi wa breki za namna hii ndio uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Leo zipo dawa zinazoifunika PD-L1 ili askari waamke. Katika utafiti mmoja mkubwa, dawa hiyo ikichanganywa na nyingine inayozuia mishipa inayolisha uvimbe, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 19. Kwa waliopewa dawa ya zamani, ilikuwa miezi 13. Miezi sita si kitu kidogo kwa mama anayetaka kumwona mwanawe akimaliza shule. Lakini tuwe wakweli: dawa hizo ni ghali mno, na wengi wetu hatutazifikia.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: nguvu zetu kubwa tuziweke kwenye mlango wa kwanza, ule ambao virusi hupitia, kwa sababu kuufunga hakuhitaji fedha nyingi.

Kwa mzazi: chanjo ya homa ya ini B imetengenezwa kwa protini ya juu ya ganda la virusi peke yake, haina virusi ndani. Mwili huijifunza na kuandaa kingamwili za kuifunika, hivyo virusi vikija ufunguo wao haushiki. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na baada ya miaka saratani ya ini kwa watoto wake ikapungua. Hapa kwetu chanjo hiyo imo ndani ya Penta, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiruke hata moja. Shirika la Afya Duniani linashauri pia dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo uliza kama inapatikana unapojifungulia. Sababu ni hii: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, karibu 9 hubaki na virusi hivyo. Kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20.

Kwa ambaye hajawahi kupima: omba kipimo kiitwacho HBsAg. Kinatafuta kwenye damu yako protini ile ile ya ganda la virusi. Usingoje dalili. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya njano mara nyingi huja wakati ugonjwa umeshakwenda mbali. Ukiwa huna virusi na hujachanjwa, chanjwa.

Kwa uliyeambiwa unavyo: hujahukumiwa kifo. Hata hivyo, kujisikia mzima si sababu ya kuacha kliniki. Daktari atapima wingi wa virusi na hali ya ini. Wengine huanzishiwa tenofovir, wengine hufuatiliwa tu. Walio katika hatari kubwa hufanyiwa altrasaundi kila miezi sita, kwani uvimbe ukionekana ungali mdogo unaweza kukatwa au kuunguzwa, na mtu akapona. Pombe iache. Mahindi na karanga zenye ukungu usile, sumu yake huongeza hatari mara nyingi zaidi kwa mwenye virusi. Na anayekuuzia dawa ya “kusafisha ini” mwambie hapana, baadhi ya mitishamba hiyo huliumiza ini lile lile.

Familia nazo zisimtenge mtu. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kupeana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mama mwenye virusi anaruhusiwa kumnyonyesha mwanawe.

Wiki hii, ukienda zahanati kwa shida yoyote, uliza swali moja: “Daktari, nimewahi kupimwa homa ya ini B?” Kisha fungua kadi ya kliniki ya mwanao uhesabu dozi za Penta. Zikiwa hazijatimia tatu, mpeleke, hata kama wiki zimepita.