Usiache Mbachao: Kwa Kijana Anayeambiwa Kwamba Kompyuta Haina Haja ya Kusomwa



Yamezuka mahubiri mapya katika miji yetu. Wahubiri wake wanasema kwamba zama za kujifunza kuandika programu za kompyuta zimekwisha. Akili mnemba, au akili unde kama wengine waiitavyo, sasa inaandika yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu asijisumbue na somo la kompyuta, na mhandisi aliyekwisha kulisomea afungashe virago akatafute riziki kwingine. Nakusudia kuyapinga mahubiri hayo. Siyapingi kwa kudhani kwamba akili mnemba haina nguvu. Nayapinga kwa sababu wahubiri wanachanganya mambo mawili, yaani kuandika na kuelewa, na atakayelipa gharama ya mchanganyiko huo ni wewe.

Tuanze kwa haki. Zana hizi zipo na zinafanya kazi. Copilot ya GitHub ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Juni 2021, na ChatGPT ikafuata Novemba 2022. Mhandisi hueleza kwa maneno ya kawaida anachokitaka, na baada ya muda mfupi msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, unajipanga mbele yake. Kazi ndogondogo za kuchosha zilizokuwa zikimaliza asubuhi nzima sasa huisha kabla chai haijapoa. Anayelikana hilo anajidanganya.

Februari 2024, huko Dubai, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alisema mbele ya viongozi waliokusanyika kwamba ule ushauri wa kumtaka kila mtoto asomee kompyuta umegeuka na kuwa karibu kinyume chake, kwa kuwa mashine itaelewa lugha ya binadamu. Kauli hiyo ilizunguka dunia nzima. Wengi waliorudia maneno yake hawakuuliza swali ambalo mchuuzi yeyote wa soko la Owino angeliuliza kwanza: je, msemaji huyu anauza nini? Kampuni yake huuza chipu zinazoendesha akili mnemba. Muuza miavuli akikutangazia mvua, inua kichwa uyatazame mawingu mwenyewe.

Tena ahadi hii si ngeni. Mwaka 1952, Grace Hopper wa Marekani aliunda A-0, mojawapo ya programu za mwanzo za kuipa kompyuta yenyewe sehemu ya kazi ya kupanga maagizo. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ikatoa lugha ya FORTRAN, na waasisi wake walitarajia kwamba kazi ya kuandika na kusahihisha msimbo ingekaribia kutoweka. Baadaye ikaja COBOL, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida ili hata meneja asiye fundi aweze kuisoma. Je, mafundi walitoweka? La hasha! Uandishi ulipokuwa rahisi, watu walitaka programu nyingi zaidi, na mafundi wakaongezeka. Sisemi kwamba historia ni lazima ijirudie. Nasema kwamba anayekutabiria mwisho wa kazi ana wajibu wa kukueleza kwa nini safari hii mambo yatakuwa tofauti.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwachukua wahandisi 16 wazoefu ikawagawia kazi 246 katika miradi waliyoifahamu vizuri. Baadhi ya kazi ziliruhusu matumizi ya akili mnemba, nyingine hazikuruhusu. Kabla ya kuanza, wahandisi walikadiria kwamba zana hizo zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza, waliamini kwamba zimewapunguzia asilimia 20. Muda ulipopimwa, ilibainika kwamba zana ziliwachelewesha kwa asilimia 19. Utafiti huo ni mdogo, na zana hubadilika upesi, kwa hiyo usiufanye fimbo ya kumchapia kila anayetumia akili mnemba. Funzo lake ni jingine: hata bingwa anaweza kuhisi kwamba anakwenda mbio ilhali anajikokota. Ikiwa hisia zinamdanganya bingwa, zitamfanyaje mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja kwa mkono wake?

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari, ni mhandisi wa programu jijini Kampala. Anasema kwamba zamani aliandika kutwa, na sasa husoma kutwa. Mashine humletea kurasa za msimbo uliopangika vyema, na ndani yake mna kosa moja lililojificha kama kijiwe ndani ya wali. Wakati mmoja, katika programu ya kupokea malipo ya simu, mashine ilimwandikia utaratibu uliotuma ombi la malipo upya kila mtandao ulipokatika, bila kuhakiki kama ombi la kwanza lilikuwa limekwisha kupokelewa. Mteja angeweza kukatwa fedha mara mbili. Majaribio ya ofisini yalifaulu, kwa kuwa ofisini mtandao haukatiki. Rafiki yangu aliligundua kosa kwa sababu mbili: anajua hali ya mtandao vijijini, na aliwahi kuandika utaratibu kama huo mwenyewe, ukamtoa jasho. Niambie, msomaji, yule asiyeandika kamwe angelijuaje?

Katika ofisi yake, wenzake watatu wameiacha kazi hiyo ndani ya miaka miwili. Mmoja anafuga kuku, mmoja anauza bima, mmoja amerudi chuoni kusomea ualimu. Sina ugomvi na kuku wala bima, na ualimu ndio unaonilisha. Mtu ana haki ya kubadili kazi, na pengine ni busara kufanya hivyo. Ninachokipinga ni kuhama kwa sababu ya kelele. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kusalia. Methali hii haimkatazi mtu kununua mkeka mpya. Inamwonya asiutupe wake kwa kuutamani ule uliobebwa begani na mpita njia. Anayetaka kuhama ajiulize kwanza: je, kazi yangu imekufa, au imebadilika sura? Ujuzi nilio nao utanifaa huko niendako, au ninaanza upya kama asiyewahi kusoma? Mfugaji anayeweza kupanga hesabu zake kwa kompyuta hajautupa mkeka wake. Amehama nao.

Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi haimhusu mhandisi aliyekwisha kukomaa. Inamhusu mwanagenzi. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya uangalizi wa fundi. Siku hizi wapo waajiri wanaosema waziwazi kwamba hawahitaji wanagenzi, kwa kuwa mashine inafanya kazi zao. Usikubali kuaminishwa kwamba mlango huo umefungwa na mashine. Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014 ili kuwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi wahandisi chipukizi wapatao 250 katika Nigeria na Uganda, ikieleza kwamba soko lilitaka wazoefu. Mwaka huo ChatGPT haikuwapo. Tamaa ya kupata mzoefu bila kumlea ni ya zamani, na akili mnemba imeipa tu kisingizio kipya.

Nawauliza waajiri hao: baada ya miaka kumi, nani atakuwa mzoefu? Uzoefu hauuzwi dukani. Anayekata migomba yote mikubwa bila kuacha machipukizi atakula matoke msimu mmoja, kisha atakwenda kununua kwa jirani. Ikiwa leo hakuna anayefunzwa kusoma msimbo, kesho hakutakuwa na mtu wa kuyagundua makosa ya mashine. Na makosa yatakuwapo. Julai 2025, akili mnemba ya kampuni ya Replit ilifuta hifadhidata ya mteja, ingawa ilikuwa imeagizwa isibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi hadharani. Tazama aliyeomba radhi: ni binadamu. Mashine haihisi aibu, haitii sahihi, wala haisimami kizimbani.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wahandisi peke yao na kuwa la raia wote. Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, na ushahidi ulitokana na mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ndio uliokosea. Watu walifungwa, walifilisika, na wengine walikufa kabla ya kusafishwa majina yao. Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo mwezi Mei 2024 tu. Horizon haikuwa akili mnemba, iliandikwa na watu. Lakini ugonjwa ni uleule: kompyuta ilisema, na wenye mamlaka wakaiamini kuliko binadamu aliyekuwa akilia mbele yao. Sasa fikiria kodi, vitambulisho, mikopo ya wanafunzi na orodha za wapiga kura vikiendeshwa na msimbo ambao hata aliyeuweka hawezi kuueleza. Raia atamlalamikia nani?

Sheria inakupa silaha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inatambua haki ya mtu kuhusiana na maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee, na Kenya ilitunga sheria yenye kinga kama hiyo mwaka huohuo. Lakini haki isiyoeleweka ni panga lililomo alani. Ili uipinge hukumu ya mashine, ni lazima wawepo watu wanaoweza kuifungua, kuisoma na kueleza ilikokosea, tena kwa lugha ambayo mlalamikaji anaielewa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mwananchi kwa nini kompyuta imemnyima mkopo ni rasmi kwa jina tu.

Utaniuliza, mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya kompyuta? Jibu langu ni hili. Wahubiri wenyewe wanakiri kwamba sasa mashine huagizwa kwa maneno. Basi asiyeweza kueleza jambo kwa mpangilio, asiyeweza kutofautisha "yeyote" na "wote" au "kabla" na "baada", ataagiza ovyo na atapata ovyo. Hata hivyo, sitakudanganya kwamba insha nzuri inatosha. Anayeagiza nyumba kwa ufasaha bila kujua msingi ni nini atapewa nyumba nzuri itakayomwangukia.

Kwa hiyo, wewe uliye darasani, lisome somo la kompyuta, na usione haya kuitumia akili mnemba. Lakini jiwekee sharti: usikabidhi kazi yoyote ambayo huwezi kuieleza mstari kwa mstari mwalimu akikuuliza. Andika kwanza mwenyewe, ukosee, usahihishe, ndipo uilinganishe na kazi ya mashine. Wewe mwajiri, kwa kila mashine unayolipia, pokea na mwanagenzi, umkalishe karibu na fundi. Nanyi wenye mamlaka, kabla ya kununua mfumo wowote kwa kodi zetu, tajeni hadharani jina la mtu atakayejibu siku utakapomdhulumu raia. Kama jina hilo halipo, msiununue.

Maswali ya kujadili darasani: Je, mwanafunzi aliyeandikiwa programu na akili mnemba anastahili alama? Ni nani anayepaswa kulipa pale programu iliyoandikwa na mashine inapomkata mteja fedha mara mbili? Tumia methali mbili kutetea hoja yako.