Mchezo Haujafa, Umezimwa

Najua nimekuwa kimya. Huku Gakindu stima zimetusumbua, halafu nilikuwa na kazi ya watu ya kumaliza. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Kilichonichokoza ni hiki. Tarehe 12 Januari 2026 kampuni ya EA ilizima seva za mchezo unaoitwa Anthem. Mchezo huo ulitoka Februari 2019 na watu waliununua kwa pesa zao. Leo ukiwa na diski yake, unayo sahani ya plastiki tu. Hata ukitaka kuucheza peke yako sebuleni, haufunguki, kwa sababu lazima kwanza uzungumze na seva ambayo haipo tena.

Wengi niliowasikia wamesema, "Ah, ulikuwa mchezo mbaya, wacha uende." Hapo ndipo napinga. Mchezo kushindwa ni jambo moja. Mchezo kuzimwa ni jambo lingine kabisa. Sisi tunaoandika programu tumewazoesha watu kuyachanganya haya mawili, kwa sababu yakichanganywa sisi hatulaumiwi.

Kwa nini michezo ya mtandaoni hushindwa

Nianze kwa kukubali kilicho kweli. Michezo hii hushindwa, tena mingi, na sababu si za ajabu.

1. Watu hawatoshi. Mchezo wa watano kwa watano unahitaji watu kumi walio tayari dakika hiyo hiyo, wenye uwezo unaokaribiana, na walio karibu kimtandao. Wachezaji wakipungua kidogo, muda wa kusubiri unaongezeka. Muda ukiongezeka, wengine wanachoka na kuondoka, na kusubiri kunazidi kuwa kurefu. Ukishaingia katika mzunguko huo ni vigumu kutoka. Angalia Concord wa Sony: ulitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, ukakutana na michezo ya aina hiyo hiyo inayochezwa bure, na tarehe 6 Septemba ukazimwa. Wiki mbili! Angalau waliwarudishia watu pesa zao. Oktoba mwaka huo huo studio iliyoutengeneza ikafungwa.

2. Umbali. Hili sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 ukienda moja kwa moja. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 68, na hapo bado hujahesabu kwamba nyaya zenyewe zinateremka Mombasa na kuzunguka baharini. Mwenzako wa London anakupiga risasi kabla hujamwona, halafu unaambiwa hujui kucheza.

3. Gharama. Watu hufikiri gharama kubwa ni seva. Mara nyingi gharama kubwa ni mishahara ya wale wanaotakiwa kuleta kitu kipya kila msimu ili wachezaji wasichoke.

4. Kutegemea kitu cha mwingine. Mei 2014 huduma ya GameSpy ilifungwa, na michezo mingi iliyokuwa ikiitumia kuwakutanisha wachezaji ikajikuta haina njia. FarmVille ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020 kwa sababu teknolojia ya Flash iliyoubeba ilikuwa imefika mwisho.

Haya yote nayaelewa. Biashara ni biashara. Hata hapa sokoni Gakindu duka hufungwa. Lakini mwenye duka akifunga, hapiti nyumba kwa nyumba akichukua masufuria aliyowauzia watu.

Kuzimwa ni uamuzi

Mchezo wa mtandaoni una sehemu mbili. Moja iko kwenye simu, kompyuta au mashine yako. Nyingine iko kwenye seva, na hii ndiyo inayojua nani yuko wapi, nani ana pointi ngapi, na kama risasi imempata mtu. Unapoununua mchezo, mara nyingi unapewa ile ya kwanza tu. Ya pili mwenye mchezo anakaa nayo. Siku akichoka nayo anaichomoa, na ile uliyo nayo haina kazi.

Sasa, hakuna sheria ya fizikia inayosema lazima iwe hivyo. Quake ulitoka mwaka 1996, na mchezaji yeyote aliweza kuendesha seva yake mwenyewe. Desemba 1999 kampuni ya id Software ikatoa msimbo wake kuwa programu huria. Mpaka leo watu wanaucheza, na haumhitaji mtu yeyote kulipia chochote makao makuu.

City of Heroes ulizimwa na NCsoft tarehe 30 Novemba 2012. Walipouzima, wapenzi wake waliambiwa basi. Mwaka 2019 ikajulikana kwamba kuna watu waliokuwa na msimbo wa seva, seva za wachezaji zikafunguliwa, na Januari 2024 NCsoft yenyewe ikawapa leseni watu wa Homecoming. Mchezo "uliokufa" ulikuwa na watu muda wote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Na kuna waliofanya vizuri tangu mwanzo. Knockout City ulishindwa kibiashara, na Juni 2023 seva zake zikafungwa. Lakini wenyewe, Velan Studios, waliacha toleo la kompyuta ambalo mtu anaweza kuendesha seva yake. Walishindwa, wakafunga, na mchezo ukabaki. Ni studio ndogo ukilinganisha na hao wakubwa. Waliweza.

Halafu kuna Ubisoft. The Crew, mchezo wa magari wa 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024. Hasira ya watu ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imepita saini milioni 1 Ulaya. Walioshtaki kule California walijibiwa kwamba walichonunua ni leseni, si mchezo. Lakini mwaka 2025 mdogo wake, The Crew 2, ukaongezewa uwezo wa kuchezwa bila seva. Kumbe inawezekana! Ilihitaji kelele tu.

Sasa nijilaumu mimi

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo, niwatukane wazungu wa makampuni makubwa, tucheke, tulale. Lakini mimi pia nimeua mchezo.

Mwaka 2021, nikiwa nimetoka tu chuoni na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta na bila kazi, niliandika mchezo wa kadi wa mtandaoni. Kwa ndugu zangu wa Tanzania, kadi ni karata zetu za Kenya: unatupa karata inayolingana na iliyo mezani, mbili na tatu zinamwokotesha mwenzako karata, na kabla ya kumaliza lazima utangaze "Niko kadi!" Nilikodi seva ndogo ya dola 12 kwa mwezi. Wakati huo dola ilikuwa karibu shilingi 110, kwa hivyo nilikuwa nalipa kama 1,320. Nilimudu kwa vibarua.

Waliocheza hawakuwa wengi. Wanafunzi, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, watu wa kwetu walioko Nairobi. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Bei ile ile ya dola 12 ikawa 1,920. Nilikuwa nimepata kazi ya kweli na sikuwa na muda wa kutengeneza hitilafu. Basi Februari jioni moja nikazima seva. Niliweka tangazo fupi: "Asanteni kwa kucheza." Nililala vizuri kabisa. (Wiki chache baadaye shilingi ikapata nguvu tena, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Jumapili iliyofuata nikakutana na mama mmoja jirani yetu akitoka kanisani. Akaniuliza, "Kijana, mbona ile kadi haifunguki?" Sikujua hata kwamba anacheza. Kumbe mwanawe anafanya kazi Doha, na kila Jumapili jioni walikuwa wakicheza pamoja. Kuongea kwa simu, alisema, mnasalimiana, mnaulizana hali ya hewa, maneno yanaisha. Wakicheza kadi wanakaa saa nzima, na katikati ya kuokoteshana karata ndipo kijana anamwambia mambo ya maana.

Nikamweleza, "Mama, niliizima. Seva ilikuwa inakula pesa na watu walikuwa wachache."

Akaniangalia. "Sasa kama ulikuwa umechoka nayo, si ungenipa mimi?"

Nilicheka, nikidhani haelewi mambo ya seva. Nilipofika nyumbani nikagundua anayeelewa ni yeye. Nilikuwa na sababu nzuri ya kuacha kulipa. Sikuwa na sababu hata moja ya kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayeweza kuendelea.

Nilipojaribu kumpa, nikaona aibu yangu yote. Anwani ya seva yangu niliiandika moja kwa moja ndani ya programu ya simu. Kuingia kulihitaji ujumbe wa SMS kupitia huduma niliyokuwa nikiilipia mimi. Funguo zangu za siri zilikuwa zimetapakaa ndani ya msimbo. Mchezo mzima ulifungwa kamba kwangu. Haikuwa njama. Ilikuwa uvivu tu, na ndiyo maana sioni tabu kuamini kwamba hata makampuni makubwa mara nyingi huanza hivyo.

Ilinichukua wikendi tatu kuifungua kamba hiyo. Sasa programu inakuuliza anwani ya seva, unaingia kwa jina na nenosiri, na seva yenyewe ni faili moja linaloweza kukaa kwenye laptopu kuukuu. Kijana wa yule mama alipata rafiki wa kuiendesha huko Doha. Jumapili wanacheza. Mimi silipi hata senti, wala sijui wanacheza mara ngapi, na sihitaji kujua.

Visingizio

"Tukitoa seva, watu watadanganya." Watadanganya, ndiyo. Lakini seva ikiwa ya marafiki kumi, mdanganyifu anajulikana na anafukuzwa. Na mchezo uliozimwa una udanganyifu gani wa kuzuia?

"Kuna leseni za magari na muziki." Leseni hizo mlizisaini mkijua zitaisha lini. Mngemwambia mnunuzi tarehe hiyo kabla ya kuchukua pesa zake.

"Ni gharama kubwa kubadilisha." Mwishoni, ni gharama kubwa kweli. Wikendi zangu tatu zingekuwa siku moja kama ningefikiria jambo hili mwaka 2021. Gharama hiyo ni ya kutopanga, na hakuna sababu mchezaji ailipe.

Tufanye nini

Kwa wenzangu tunaoandika programu hapa Kenya, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa mchezo wako wa mtandaoni, jibu maswali haya:

- Nikiacha kulipa kesho, nani mwingine anaweza kuuendesha?
- Anwani ya seva inaweza kubadilishwa na mchezaji?
- Kama hakuna mtandao, kuna sehemu yoyote inayochezeka?
- Mchezaji ameambiwa waziwazi anachonunua na kitadumu kwa muda gani?

Swali la mwisho si la hisani. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. California nao, tangu Januari 2025, wana sheria inayokataza kumwambia mtu "nunua" bidhaa ya kidijitali wakati unampa leseni tu bila kumweleza. Sioni kwa nini mtu wa Nyeri au Mombasa anayelipa kwa M-Pesa astahili kujua machache kuliko mtu wa Los Angeles.

Na wewe mchezaji, kabla hujalipa, tafuta kama mchezo huo unaruhusu seva za wachezaji au kucheza bila mtandao. Kama hauruhusu, hesabu pesa yako kuwa ya kukodi, si ya kununua, halafu uamue kama bei hiyo ni ya kukodi.

Michezo itaendelea kushindwa. Wangu pia ulishindwa, na unaofuata huenda ukashindwa. Lakini sitarudia kumzimia mtu mchezo kwa sababu tu mimi nimechoka nao. Yule mama ameniambia bado ananidai karata nne, na Jumapili hii naenda kulipa.