Kosa Lililowekewa Bei

Kila panapozuka ugomvi juu ya gari la mashindano lililonakiliwa, wapenzi wa mbio za Formula One hugawanyika mafungu mawili na kuanza kurushiana maneno. Hawa husema aliyenakili ni mwizi, wale husema ni mwerevu tu. Mafungu yote mawili yanamkodolea macho mtu asiye. Anayestahili kuulizwa maswali ni mwamuzi.

Kunakili peke yake si dhambi katika mchezo huu. Mwaka 1978 timu ya Lotus ilitoka na gari lililotumia hewa ipitayo chini ya tumbo lake kulivuta lishikamane na barabara, na Mario Andretti akawa bingwa wa dunia. Wapinzani walitazama, wakapima kwa macho, wakarudi karakanani, na mwaka uliofuata magari ya namna hiyo yalienea. Williams walilielewa jambo hilo kuliko Lotus wenyewe, wakapata ushindi wao wa kwanza huko Silverstone Julai 1979. Nani atawaita wezi? Mwalimu gani huchukia mwanafunzi wake akimpita?

Lakini kuelewa somo ni jambo moja, na kubeba daftari la mwenzio ni jambo jingine. Novemba 1977 kundi la watu lilijitenga na timu ya Shadow likaunda timu yake, Arrows, na mwishoni mwa Januari 1978 lilikuwa tayari na gari katika mashindano ya Brazil. Mhandisi aliyelichora, Tony Southgate, ndiye aliyekuwa amechora gari jipya la Shadow. Shadow wakaenda Mahakama Kuu ya London. Tarehe 31 Julai 1978 mahakama iliamua kwamba haki ya michoro imevunjwa na kwamba gari lile lisishindane tena. Arrows walikuwa wamekwisha anza kutengeneza jingine, na Agosti walikuwa nalo Austria. Hukumu ilitolewa hadharani, sababu zikatajwa, na kitu kilichopatikana kwa njia isiyo halali kikaondolewa barabarani. Naomba ndugu msomaji aikumbuke hatua hiyo ya mwisho, kwa maana hatutaiona tena.

Tuje mwaka 2020. Timu ya Racing Point, mali ya tajiri wa Kanada Lawrence Stroll na wenzake, ilileta gari lililofanana mno na Mercedes iliyotwaa ubingwa mwaka uliotangulia, ila rangi tu ilikuwa ya waridi. Wenyewe walisema wamelisoma gari la mwenzao kwa picha. Timu ya Renault ililalamika mara tatu: baada ya mbio za Styria, za Hungary na za Uingereza. Uchunguzi ukaishia kwenye mifereji ya hewa inayopoza breki za nyuma. Hadi 2019 timu iliruhusiwa kupata mifereji hiyo kwa timu nyingine. Kuanzia 2020 kanuni iliitaka kila timu ibuni ya kwake. Tarehe 7 Agosti waamuzi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, yaani FIA, waliona kwamba ile ya Racing Point ilitokana na kazi ya Mercedes. Kosa likathibitika.

Adhabu je? Faini ya Euro 400,000 na kunyang'anywa alama 15 za timu, kwa mbio za Styria. Kwa mbio mbili zilizofuata, karipio. Madereva hawakuguswa. Na mifereji ile ile iliyotajwa kuwa imepatikana kinyume cha kanuni iliruhusiwa kubaki garini hadi mwisho wa msimu! Desemba gari hilo likashinda mbio za Sakhir, likiendeshwa na Sergio Perez.

Walimu wanaosoma ukurasa huu watanielewa upesi. Msimamizi wa mtihani anamkamata mwanafunzi na karatasi ya majibu ya mwenzake. Anamkata alama katika swali la kwanza, anamkemea katika la pili na la tatu, kisha anamrudishia karatasi ile na kumwambia aendelee. Na yule aliyemkabidhi majibu? Mercedes hawakuadhibiwa.

Watetezi wa uamuzi huo watasema adhabu iliuma. Ni kweli kwamba msimu ulipokwisha Racing Point walikuwa na alama 195 na McLaren 202, kwa hiyo zile 15 ndizo zilizowakosesha nafasi ya tatu. Lakini hilo lilijitokeza Desemba. Siku ya hukumu hakuna aliyejua. Msimu ungekwenda vingine kidogo, pigo lile lingekuwa la mkono wa kitoto. Wenzao waliokata rufaa nao waliziondoa moja baada ya nyingine, hata kesi isisikilizwe. Wakubwa walielewana.

Mwenye kudhani FIA haijui kupiga na aitazame 2007. McLaren walikutwa na nyaraka za siri za Ferrari, zaidi ya kurasa 700. Siri hiyo ilifichuka pale nyaraka zilipopelekwa dukani kutolewa nakala na mfanyakazi wa duka akawaarifu Ferrari. Msimamizi hodari kuliko wote katika kisa chote alikuwa karani wa duka. Julai baraza la FIA liliona kosa lipo, likaacha kuadhibu. Septemba, baada ya barua pepe mpya kujitokeza, likatoza Dola milioni 100 na kufuta alama zote za timu hiyo za mwaka ule. Desemba mwaka huo huo Renault, ndio hao hao walalamikaji wa 2020, walikutwa na habari za siri za McLaren. Kosa likathibitishwa. Adhabu: hakuna. Sidai kwamba mashauri hayo mawili yalilingana uzito. Nadai kwamba kati ya Dola milioni 100 na sifuri hapakuwa na ngazi yoyote iliyoandikwa mahali ambayo mshindani angeweza kuisoma kabla ya kutenda. Adhabu isiyojulikana mapema haimtishi mtu. Humfanya akokotoe tu. Na katika kukokotoa, mwenye fedha nyingi ndiye hodari.

Baya kuliko yote, hata hivyo, halihusu kunakili. Mwaka 2019 Ferrari walishinda mbio tatu kwa injini iliyowatia wapinzani wasiwasi mkubwa. FIA ikaichunguza. Tarehe 28 Februari 2020 ikatangaza kwamba imefikia mapatano na Ferrari na kwamba yaliyomo ni siri. Timu saba zilipiga kelele kwa pamoja. Siku chache baadaye Shirikisho likaeleza kwamba halikuridhika kabisa, ila kuthibitisha kosa kungekuwa vigumu mno kwa jinsi suala lilivyo tata. Msimu uliofuata Ferrari hawakushinda hata mara moja, wakashika nafasi ya sita.

Ferrari hawakupatikana na hatia, na mimi siwahukumu. Lakini mtumishi wa serikali atafakari: mkaguzi anatilia shaka hesabu za kampuni kubwa, anakutana na wakuu wake faraghani, kisha anaandika kwamba hakuridhika lakini jalada limefungwa. Kesho atamdai nani stakabadhi? Kama kampuni ni safi, imenyimwa nafasi ya kusafishwa. Kama si safi, walioshindwa nayo wamenyimwa haki yao.

Kwa msimu wa 2021 FIA ilikaza kanuni ya kunakili kwa picha, na Mei 2022 Aston Martin, jina jipya la Racing Point, walipoleta gari lililofanana na la Red Bull, walichunguzwa na kuonekana hawana kosa. Basi imejulikana kwamba uchunguzi unaweza kufanyika na jibu likatolewa. Linalobaki ni lile jalada la Februari 2020. Lifunguliwe, kila timu isome nini kilichunguzwa, nini kilionekana, na Ferrari walikubali nini.